Uzoefu wangu: tuliita watu waje kupanga nyumba ya wazazi

Naandika hii kwa sababu naona watu wanaulizia sana hizi huduma za watu kuja kukupangia nyumba, na wengi wanajua ni za watu wa Masaki na Oysterbay tu. Mi nimeitumia kwa wazazi wangu Tabata, nyumba ya kawaida tu, vyumba vinne na stoo, wamekaa humo toka miaka ya tisini, wamelea watoto humo, wakaja wajukuu, wakaja na ndugu wa kutoka mkoani wanaokuja kusoma chuo wanamaliza wanaondoka wanaacha begi. Jina la hao watu silitaji maana kuna mazuri nitasema na kuna ya kukera pia, sitaki kesi na mtu.

Tuanze na hela najua ndo mnayoisubiri. Wanachaji kwa siku siyo kwa chumba, mi nililipa laki na themanini kwa siku kwa watu watatu, usafiri juu yako, chakula cha mchana ni uungwana wako (mama yangu alivyosikia nataka kuwaagizia chipsi alikasirika, akapika pilau). Kabla ya kazi anakuja mmoja wao kuangalia nyumba, hiyo ni bure, anafungua makabati anakagua afu anakwambia itachukua muda gani. Kwetu ikazidi muda aliosema na ile siku ya nyongeza wakataka hela kamili, tumebishana pale getini mpaka wakakubali nusu. Kwa hiyo ukiwaita wowote wale hakikisha habari ya nyongeza imeandikwa kwenye WhatsApp kabla hawajashika hata kijiko.

Sasa kwanini tusifanye wenyewe, maana shemeji yangu aliniuliza kwa dharau kabisa, laki na themanini ya kukunja nguo?? Jamani tumeshajaribu. Kila tukikutana sikukuu tunaanza na stoo kwa nguvu zote, tunatoa vitu uani, mama anakuja na kigoda chake anakaa, anaanza kurudisha kimoja kimoja, hiki bado kizima, hiki nilipewa kwenye send-off ya dada yenu, hiki kitamfaa mtu, mnataka kugawa vitu vyangu na bado nipo hai, basi hapo mdogo wangu ananuna, mi nanuna, jioni vyote vimerudi ndani na mlango wa stoo haufungi. Mama haambiwi kitu na mtoto aliyemzaa. Ila akija binti wa watu, kavaa tisheti yake safi na glavu, akapiga goti kidogo, "shikamoo mama, samahani naomba nikuulize hili sufuria mara ya mwisho limepikiwa lini," yaani mama anakuwa mtu mwingine, anafikiria, anacheka, anasema hili mwanangu hata sikumbuki, liondoe tu. LIONDOE TU. Sufuria hilohilo mi nilishagombezwa nalo mpaka nikatishiwa laana. Kwa hiyo mi nasema wazi ile hela nimelipia sura ngeni, kukunja nguo hata YouTube ipo.

Namna wanavyofanya ni kwamba hawaendi chumba kwa chumba. Wanakusanya vitu vya aina moja kutoka nyumba nzima wanavileta sebuleni kwenye mkeka. Walianza na vyombo. Hotipoti zilipokusanywa zote zikafika kumi na moja na nne hazina vifuniko, mama mwenyewe akashika mdomo, maana moja ilikuwa juu ya kabati la jikoni, nyingine uvunguni kwa kitanda, nyingine zimo ndani ya boksi la TV, ukiziona mojamoja hujui kama ni nyingi. Afu kila kitu kinaenda sehemu yake, kinachotumika, cha kuuza, taka, na cha kumpa mtu, lakini hicho cha kumpa mtu lazima utaje ni nani, palepale, na simu inapigwa palepale. Hawakubali "kitamfaa mtu". Hiyo sheria nimeipenda kuliko kitu chochote, maana nusu ya ile stoo ilikuwa ni vitu vinavyomsubiri mtu asiyejulikana.

Na mabegi ya shangazi kaja nayo hivyohivyo, yalikuwepo ya kina binamu waliomaliza vyuo zamani, wakapigiwa, mmoja yuko Mbeya ana watoto watatu anasema kumbe lile begi bado lipo, chomeni tu. Ndani yake kulikuwa na madaftari, blanketi na kandambili moja ya mguu wa kushoto.

Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na rambo kubwa limejaa marambo. Marambo yamepigwa marufuku Juni 2019 jamani, mama alikuwa ameyaweka akiba kama vile serikali itabadilisha mawazo. Yalikuwa yanapukutika ukiyagusa. Kulikuwa na TV ya chogo ambayo haijawashwa toka walivyozima analojia Dar mwisho wa 2012, majiko ya mchina mawili na nyumba inatumia gesi miaka yote hii, chaja za Nokia za pini nyembamba fungu zima zimefungwa raba bendi, vyandarua vya msaada bado vimo kwenye mifuko yake (hivyo vimerudi kwenye matumizi, viwili vimetundikwa siku ileile). Na ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwenye pindo la kanga, noti. Za zamani, zile za shilingi 200 zenye sura ya Mzee Mwinyi na nyinginezo. BoT walitoa muda wa kuzibadilisha ukaisha tarehe 5 Aprili 2025, sisi tumezikuta muda umepita. Mama akaangalia akasema basi wapeni watoto wachezee duka.

Stoo ilikuwa ya baba hasa, na mi nilijua ugomvi utakuwa huko. Baba alikuwa na Peugeot 504, iliuzwa nikiwa sekondari, ila vipuri vyake havikuuzwa. Kabureta, taa za nyuma, plagi, rejeta ina tundu naliona kwa macho, makopo ya misumari iliyonyooshwa na nyundo. Yule dada kiongozi wao hakugusa kitu. Alivuta ndoo ya rangi akaigeuza akakaa, akachukua kabureta akauliza, "Baba, hii ya gari gani?" Mzee akaanza. Gari ilivyonunuliwa, safari ya Dodoma ilivyowafia Gairo usiku, fundi wa Morogoro aliyewaibia, huyu dada anaitikia tu enhe, enhe, ikawaje sasa, mi nimesimama pale nahesabu hela yangu ya siku inavyoyeyuka. Nilitaka kumwambia dada twende kazi. Afu mzee akanyamaza kidogo, akaigeuzageuza ile kabureta mkononi, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasema "hii na ile rejeta wapeni watu wa skrepa, hizi taa niachieni." Akaachiwa taa. Zimewekwa kwenye rafu, zimefutwa, hakuna aliyemcheka, na vilivyobaki vyote akaruhusu mwenyewe bila kuulizwa tena kimoja kimoja. Kwa hiyo zile hadithi zilikuwa kazi, mi ndo sikuwa naelewa.

Watu wa skrepa: msiwaite mkiwa na haraka. Tenganisheni kwanza chuma peke yake, masufuria ya aluminiamu peke yake, na nyaya za shaba peke yake maana shaba bei yake iko juu sana kuliko chuma, ukiwapa fungu moja wanakupimia lote kwa bei ya chuma na mizani ni ya kwao. Madaftari tumempa mama wa karanga wa pale mtaani anafungia, ila karatasi zote zenye jina, namba ya akaunti au matokeo tumechana kwanza, sitaki siku nanunua karanga za mia mbili nafungua nakuta steitimenti ya benki ya baba.

Kuhusu karatasi, hapa ndo ningelipa hata mara mbili. Ofa ya kiwanja ilikuwa kwenye briefcase juu ya kabati, hati imo kwenye Biblia kubwa, risiti za kodi ya ardhi ziko kwenye droo ya jikoni pamoja na vibiriti, vyeti vya kuzaliwa vyetu vimegawanyika sehemu tatu, changu kilikuwa na duara la chai. Sasa hivi zote ziko kwenye faili moja lenye mifuko ya plastiki, ndani ya sanduku la chuma chumbani kwa wazazi, na nimezipiga picha zote nikamtumia kila mtoto. Risiti za zamani za kodi ya majengo nazo tumezitunza japo siku hizi inakatwa kwenye LUKU toka 2021, mzee anasema karatasi haiozi, sawa.

Ya kukera sasa. Walichelewa kila siku, foleni ya Mandela najua lakini basi toka mapema. La pili, picha. Nimeshika simu jioni nakuta jikoni kwa mama yangu kuko kwenye status ya yule binti mdogo, kabla na baada, na ile "kabla" ilikuwa aibu, niliwaambia futeni sasa hivi wakafuta na kuomba msamaha, ila walitakiwa waombe ruhusa kwanza. La tatu walitaka kutuuzia makontena ya plastiki kwa bei yao, nikaenda Kariakoo nikapata yaleyale kwa bei nafuu sana. Chukueni ya kuonyesha ndani, haya ya rangi unasahau umeweka nini unafungua yote, na jaribuni vile vibanio vya kofia palepale dukani, plastiki ikiwa ngumu na nyepesi vinakatika mara moja.

Afu kuna lile la vikopo. Bizari, iliki, mdalasini na pilipili manga vya mama vilikuwa kwenye makopo ya Blue Band na kila kopo analijua kwa mkwaruzo wake. Wao wakavihamishia kwenye vichupa vya kioo vinavyofanana vyote, wakaandika kwa kalamu nyeupe herufi ndogooo, kupendeza vimependeza kweli. Mama hasomi herufi zile hata na miwani. Wiki haikuisha tukala maharage yana mdalasini. Vichupa viko kwenye shokesi vimewekwa maua ya plastiki, makopo ya Blue Band yamerudi kazini. Kwa hiyo ukiwaita jikoni simama mwenyewe, wengine wanapanga kwa ajili ya kamera na siyo kwa ajili ya mpishi.

Na taka hawabebi! Wanakutolea mpaka getini basi. Gari la taka la mtaa wakaona lile lundo wakasema hiyo siyo taka ya nyumbani hiyo ni kuhama, ikabidi nitafute guta, hela nyingine hiyo. Uliza mapema.

Ile mifuko ya kufyonza hewa pia tulijaribu kwa mablanketi na mapazia ya sikukuu, wao walituletea miwili ya zawadi. Siku ya kwanza unashangaa, blanketi limekuwa jembamba kabisa. Ila zipu yake ikiingia kamchanga kadogo tu hewa inarudi polepole, baada ya muda nimekuta mmoja umeshavimba tena. Na kwa unyevu wa Dar ukifungia kitu hakijakauka vizuri unatoa kina ukungu na harufu, kwa hiyo anika juani kwanza, acha kipoe, ndo ufunge. Kama hamna mashine ya kufyonza nyumbani chukueni ile yenye pampu ya mkono. Mi naona inafaa zaidi kwenye begi la safari kuliko kabatini. Na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo viwekwe juu kabisa kama kuna wajukuu, vinafanana mno na peremende.

Hali ikoje sasa baada ya miezi kupita. Stoo imebaki vizuri, unaingia unatembea, kinu na mbuzi ya nazi viko ukutani. Vyombo vimebaki vichache na mama mwenyewe anajisifia kwa wageni kwamba yeye ndo aliamua. Chumba cha wajukuu kimerudi kulekule, lile kunja la kusimamisha nguo kwenye droo ni la watu wasio na watoto, siku mbili tu. Kiti cha chumbani kwa wazazi bado kina nguo juu yake na nadhani kitakuwa nazo milele. Na juzi nimekuta rambo moja nyuma ya mlango wa jikoni, la mkate, limekunjwa vizuri, sikuuliza.

Ningewaita tena? Kwa wazazi ndiyo, na nimeshampa shangazi yangu wa Kigogo namba yao, nikamwambia jikoni asiwaruhusu. Kwangu mwenyewe hapana, kwangu hakuna wa kubishana naye. Nyota nne, ya tano wameila na ile status.