Uzoefu wangu: kumtafutia mdogo wangu matibabu ya kutwa ya uraibu

Mdogo wangu alianza kwa kuvuta heroini, baadaye akawa anajidunga. Alipokubali kutibiwa alitoa sharti moja tu: hatalala kituoni. Ana mtoto mdogo na kibarua anachokishikilia kwa kucha, na soba hausi, zile nyumba za kulala wanaoacha dawa za kulevya, alishawahi kukaa, akatoka, wiki haikuisha akawa amerudia. Basi tukawa tunatafuta kituo cha kutwa, cha kwenda asubuhi na kurudi nyumbani jioni, na mwenye kupiga simu nikawa mimi.

Jambo la kwanza utakaloligundua ni kwamba vituo vinavyojiita vya kutwa havilingani hata kidogo. Kimoja kiliniambia mgonjwa aje mara moja kwa wiki, azungumze na mshauri nasaha kwa saa moja. Si vibaya, lakini kwa mtu anayejidunga kila siku hiyo ni salamu tu. Kwa vigezo wanavyotumia Marekani, mtu mzima anahesabiwa kuwa kwenye programu nzito ya wagonjwa wa nje akihudhuria walau saa 9 kwa wiki, na ile ya kutwa hasa huanzia saa 20. Kwa hiyo nikawa nauliza moja kwa moja: ni saa ngapi kwa wiki, na kwenye hizo saa mnafanya nini? Wapo waliojibu papo hapo. Wapo walioanza kunisifia bustani yao.

Halafu dawa. Methadone na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, lakini bado mtu wa mapokezi wa kituo kimoja aliniambia, "Sisi hatubadilishi ulevi kwa ulevi." Nikamshukuru, nikakata simu. Methadone mgonjwa anainywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, na dozi ikishakaa sawa, arosto, yale mateso ya kukosa unga, haimbani na wala halewi. Bila hiyo unamkalisha kwenye kikundi mtu anayepiga miayo, kamasi zinamtoka, mifupa inamuuma, halafu unamwomba aeleze malengo yake ya maisha! Kama ndugu yako anatumia kokeini au methamfetamini, dawa ya namna hiyo hakuna. Hapo uliza kama wanatoa zawadi ndogondogo kwa kila kipimo cha mkojo kinachotoka safi. Linasikika kama jambo la kitoto, lakini kwa dawa hizo ndiyo njia yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine.

Swali lililonichagulia kituo lilikuwa hili: siku akija amevuta, mnamfanyaje? Majibu mengi yalikuwa onyo la kwanza, la pili, kisha nje. Mama mmoja muuguzi alijibu tofauti kabisa. "Dada, siku hiyo ndiyo tunamtaka zaidi. Tunamkalisha, tunaangalia kama dozi yake ni ndogo, na tunakupigia wewe kama ametuandikia ruhusa." Akaendelea kunieleza kwamba mtu akishakaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili unakuwa haukihimili tena kile kipimo chake cha zamani; akikirudia kilekile, pumzi inaweza kukata. Akaniuliza kama nyumbani tuna naloksoni, dawa ya kumzindua mtu aliyezidiwa na heroini. Hatukuwa nayo. Tulipofika kituoni alitoa kichupa cha kupuliza, akanionyesha: mlaze chali, kichwa nyuma kidogo, ncha puani mpaka mwisho, bonyeza, ita msaada, na usimwache peke yake hata akizinduka, maana dawa hii huisha nguvu mapema na heroini inaweza kumzimisha tena.

Kilichonipa imani zaidi ni kwamba walikataa kumpa nafasi kabla daktari hajamwona. Walimhoji kuhusu pombe na vidonge vya usingizi, kwa sababu mwili uliozoea vitu hivyo ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, hata kufa, na mtu wa hivyo huanzia wodini, si kituo cha kutwa. Walimpima pia Virusi vya Ukimwi na homa ya ini, kwa ajili ya sindano. Kituo kinachokwambia "mlete tu kesho" bila kuuliza chochote, mimi nisingempeleka mtu wangu.

Huduma yenyewe: ushauri wa mtu mmojammoja ni mzuri sana. Vikundi vinategemea nani anaongoza. Yupo mmoja anayesoma makaratasi tu na watu wanasinzia. Kikao cha familia kilinikera mwanzoni, maana niliambiwa niache kumpekua mifuko. Nimeacha, na ugomvi wa jioni umepungua.

Malalamiko ninayo. Wikiendi kuna dozi tu, hakuna mshauri, na kwa mdogo wangu wikiendi ndizo siku ngumu. Mapokezi wanaita majina kwa sauti mbele ya kila mtu. Baya zaidi, foleni ya dozi inasimama nje ya geti, na wauza unga wanaijua saa ya dozi kuliko wagonjwa wenyewe. Nimelisema hilo kwa uongozi, naambiwa linashughulikiwa.

Ningekipendekeza? Kwa mtu mwenye mahali salama pa kulala, ndiyo. Kama chumba cha pili kuna mtu mwingine anatumia, tafuta kwanza pa kumlaza, kwa sababu jioni na usiku kituo hakipo na wewe. Na usikubali programu ya wiki mbili tatu. Chini ya miezi mitatu faida huwa ndogo. Hapa walitupangia zaidi ya hapo, kisha saa zipungue polepole. Methadone ataendelea nayo. Nilipouliza ataiacha lini, daktari akaniuliza nani ana haraka.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa foleni ikihamia ndani ya geti.