Fimbo ya kuvulia ya 65,000 Kigoma: breki nimeipenda, chambo chake tupa kule

Mwakeye, mwakeye! Karibuni tena wanafamilia. Tuko Kigoma, kwenye mawe ya Katonga, Ziwa Tanganyika hilo hapo nyuma yangu limetulia, na kabla hujakimbilia video nyingine nisikilizie hii sauti. Dogo, sogeza maiki. Tirrrrrr! Umeisikia? Narudia. Tirrrrrr! Hiyo sauti ndiyo imenifanya niahirishe ile video ya mashine za boti. Najua kuna watu wanaisubiri, na matusi yao nimeyasoma yote. Itakuja. Leo zamu ya fimbo.

Ni ile seti iliyozagaa siku hizi: fimbo ya kuchomoa, rili yake ya kukunjia mshipi, kifuko chenye ndoana na chubwi na samaki wa plastiki, vyote kwenye begi jeusi la zipu. Urefu, uzito, idadi ya beringi, hayo mmeshayaona kwenye picha za wauzaji. Mimi hesabu za kwenye boksi siziamini, naamini mkono. Bei ni 65,000 hapa Mwanga, mjini Kigoma. Tutarudi kwenye bei, maana inaniuma.

Haya, breki. Angalieni hapa mbele ya bobini, hapa mshipi unapojizungushia, kuna hiki kifundo cha kuzungusha. Watu wengi wanakikaza mpaka mwisho siku ile ile waliyonunua, wanaenda nacho hivyo hivyo ziwani, samaki wa kwanza wa maana anakata mshipi, wanarudi kugombana na muuza duka wa watu. Ndani ya hiki kifundo kuna visahani vimepangana. Ukikaza vinabanana, ukilegeza vinaachiana. Samaki akivuta kwa nguvu kuliko ulivyobana, bobini inazunguka yenyewe, inamwachia mshipi kidogo kidogo, na ndiyo unasikia tirrrr. Anakimbia, sawa, lakini anakimbia na mzigo. Atachoka yeye kabla yako.

Sasa unajuaje umebana kiasi gani? Nipe ile chupa. Hii ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa mpaka shingoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapa nimeshika kilo moja na nusu. Mshipi nilioweka kwenye rili umeandikwa kilo 6. Wanaovua kwa fimbo hubana breki kwenye robo ya nguvu ya mshipi, wabishi wanafika theluthi. Robo ya 6 ni moja na nusu, ndiyo hii chupa. Nimeupitisha mshipi kwenye vipete vyote vya fimbo, maana vipete navyo vinasugua, halafu nimefunga shingoni mwa chupa. Nainua. Dogo, bobini! Onyesha bobini, sura yangu wameshaizoea.

Mmeona? Chupa imenyanyuka na imeganda pale pale. Breki imebana mno. Nalegeza... bado. Nalegeza tena... bado imeganda. Kidogo tu... hapo! Tirrrrrr. Inashuka polepole, haikwami, hairuki. Tazameni tena. Nazungusha mkono, chupa inapanda, naacha, inashuka ule ule mwendo. Hapa ndipo hii rili imenipata. Rili nyingi za bei hii ukizifanyia hivi chupa inashuka kwa kurukaruka: inakwama, inaachia, inakwama. Ule mkwamo ndio unaokata mshipi, kwa sababu samaki anapoanza kukimbia breki ikisita hata kidogo, mshtuko wote unaishia kwenye fundo. Pwa! Unabaki umeshika fimbo.

Kuna jamaa mmoja wa channel nyingine, jina langu na lake hayafanani, alirekodi hii hii seti akiwa kwenye kochi. Kochi! Akasema breki ni "nzuri". Amejuaje? Alivuta mto wa kochi?

Kwa nini nimeing'ang'ania breki hivi? Ni huyu kuhe. Kwa wageni wa ziwa letu, kuhe ni ukoo mmoja na ngege, ila yeye ni pandikizi, Afrika nzima hakuna ndugu yake anayemfikia kwa ukubwa. Akishika karibu na mawe kama haya, ukimbana anakata, ukimwachia ovyo anakuzungushia mshipi kwenye jiwe, umekwisha. Unataka breki inayomwachia kwa adabu. Na hapo hapo niseme: ukiona wingu la samaki wadogo na wakubwa wawili wanalizunguka, toa ndoana yako, hama. Kuhe baba na mama wanalinda watoto pamoja, na wakati huo wanang'ata chochote kinachosogea, kwa hiyo kuwavua ni rahisi mno. Ukiwatoa hao wawili, watoto wote wameliwa kabla hujafunga begi.

Sasa nije kwenye takataka. Huyu hapa, samaki wa plastiki aliyekuja na seti. Tazameni ndoana zake. Naikunja kwa kidole. Kwa kidole! Imenyooka. Rangi imeanza kubaki mkononi mwangu na maji hajayaona vizuri. Huyu mpe mtoto achezee, na ndoana uzitoe kwanza.

Chambo cha Kigoma kiko Kigoma. Kwa kuhe chukua dagaa mbichi, yule wa asubuhi ambaye hajaanikwa. Tatizo la dagaa mbichi ni ulaini, ukirusha fimbo kwa nguvu chambo kinaenda kwake na ndoana inaenda kwake. Dawa ni chumvi. Panga dagaa kwenye kopo, nyunyiza chumvi ya Uvinza safu kwa safu, acha zikae kivulini kama saa moja hivi. Nyama inakaza. Halafu usichomeke tumboni, pitisha ndoana machoni, kichwa ndicho kigumu. Hivi. Karibu, Dogo, karibu... hivi. Nikitingisha hatoki.

Kwa ngege, ugali. Lakini siyo ugali wa kula. Songa mgumu, ukipoa ukande na mawese kidogo mpaka uwe kama... nyie angalieni tu, haushiki mkononi na hauyeyuki upesi kwenye maji. Mawese yanauzuia maji usiloe haraka na yanatoa harufu. Kata kipande cha ukubwa wa punje ya haragwe, ndoana ndogo kabisa. Ngege ana mdomo mdogo, watu wanamwekea donge la kushibisha ng'ombe halafu wanalalamika anadonoa tu. Kule Tabora mnaovua perege kwenye bwawa la Igombe, hii ndiyo yenu, nimeitumia kule mwaka 2024 ziwa lilipopumzishwa, uvuvi umefungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Minyoo pia inakwenda, hasa mvua zikianza.

Mgebuka ni habari ya usiku na ya mtumbwi. Dagaa usiku wanapanda juu, taa inawakusanya, mgebuka anakuja nyuma yao kula. Ndiyo maana siku za mbalamwezi wenye vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, wengi wanalala nyumbani: mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haimvuti mtu. Kwa mgebuka siweki hata chambo, nafunga unyoya mweupe wa kuku kwenye ndoana, nashusha, nanyanyua, nashusha. Anadhani ni dagaa. Ila ukienda usiku vaa jaketi la kuokolea, sitaki kusikia eti ulilisahau.

Mto Malagarasi mmeniuliza sana. Kule mfalme ni kambale, na kambale anafuata harufu. Utumbo wa kuku uliolala, hapo umeongea lugha yake. Kuna watu wanamvua kwa kipande cha sabuni ya mche, na wanapata, mafuta ya sabuni yanamvuta. Mimi utumbo unanitosha, sabuni nafulia. Lakini kwenye mito ya huku kuna yule samaki ambaye meno yanaonekana hata akifunga mdomo. Huyo breki yangu yote hii haimsaidii mtu, anakata nailoni kwa meno. Weka kipande cha waya juu ya ndoana, urefu wa kiganja unatosha. Na usisimame ndani ya maji Malagarasi. Mamba wapo, na hawana subira na watu wa video. Tena angalieni mnavua wapi: Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, huendi tu na begi lako. Popote pale, ongea kwanza na afisa uvuvi kuhusu leseni, na BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wa mwalo husika. Mimi hata hapa nimeanzia kwao.

Hali ya ziwa sasa. Kuanzia Mei hivi mpaka kwenye Agosti, Septemba, kusi inavuma. Kusi inasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule mwisho wa kusini maji ya chini yenye baridi na rutuba yanapanda. Upepo ukikatika ziwa linayumba kwa ndani, maji ya baridi yanapanda na kushuka hata huku kwetu, ndiyo maana jana umepata na leo mahali pale pale hupati kitu. Kwa fimbo ya ufukweni, wahi alfajiri kabla upepo haujaamka. Masika ni kinyume chake: mto Luiche unaleta tope upande wa Ujiji. Wengi wanakimbia tope. Mimi nautafuta ule mstari, pale maji ya kahawia yanapokutana na maji angavu, natupa hapo hapo kwenye mpaka. Na kwenye maji angavu kama haya ya leo, ambayo naona jiwe chini kabisa, shusha unene wa mshipi. Samaki ana macho.

Kuna mzee hapa pembeni ananicheka tangu nianze. Shikamoo mzee. Anasema marahaba, na anauliza hii fimbo inakula nini. Yeye ana mshipi amezungushia kwenye chupa tupu, basi, na ndoo yake ina ngege kuliko yangu. Nimemuuliza breki yake iko wapi, akanionyesha vidole. Sina jibu.

Tena ameniharibia video, kwa sababu nilikuja kuwaambia nunueni seti nzima, na sasa nikiangalia fimbo yenyewe... Njooni muone hapa kwenye viungo. Vipande vinatoka kimoja ndani ya kingine kama antena ya redio, na hiki cha tatu kutoka juu kinajizungusha. Ukirusha, vipete vinaacha kukaa kwenye mstari, mshipi unasugua pembeni. Nazungusha, narudisha, narusha mara moja tu... tayari kimeshahama. Ukikikaza kwa nguvu, kikiingia mchanga kidogo hakirudi ndani, unatembea na fimbo nzima kwenye bodaboda unachoma watu macho. Chovya viungo kwenye maji safi kabla ya kukunja, pangusa, hilo linasaidia. Rili nayo ukimaliza legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi, visahani visilale vimebanwa.

Kwa hiyo, bei. 65,000 kwa rili nzuri, fimbo ya wasiwasi na samaki wa plastiki wa kutupa? Kariakoo hii hii wanaiuza 42,000, nimepiga simu jana, ongeza nauli ya mzigo kwenye basi bado hujafika 65. Najua wauzaji wa huku mna kodi na usafiri, msije kunichukia, lakini elfu ishirini na kitu ni debe la mawese... sawa, siyo debe, mmenielewa. Mwanzoni nilikuja kusema inafaa. Kwa mtu anayeanza na hana chochote bado nasema inafaa, kwa sababu ya ile chupa mliyoiona. Kwa mtu mwenye mkono tayari, mwanzi mzuri wa kukata mwenyewe, vipete vitatu vya waya, rili hii juu yake ukaifunga kwa mpira wa tyubu, umemaliza kazi. Nitaujenga huo mwanzi video ijayo. Ya mashine za boti itafuata baada ya hapo, nimesema.

Walioniuliza kama inafaa kwa biashara: hapana. Hii ni ya kitoweo na starehe. Aliyeniuliza kama nimelipwa na duka: ningelipwa ningemtupa huyu samaki wao?

Sasa nina shida moja. Maduka yote ya Mwanga niliyopita wananiambia rili haiuzwi peke yake, lazima uchukue begi zima. Anayeuza rili hii tupu, hapa Kigoma au Tabora, kwa 30,000 kushuka chini, aandike kwenye maoni na bei yake. Nitakuja na chupa yangu ya maji, nikiipima dukani ikishuka vizuri nachukua tano.