Uzoefu wangu: intanshipu ya uchambuzi wa data kwenye shirika la wakimbizi

Nilidhani nitashinda nachora grafu. Wiki tatu za kwanza kazi yangu ilikuwa kufuta nafasi tupu zilizojificha mwishoni mwa majina ya watu.

Ilikuwa 2024, katika shirika linalopokea wakimbizi hapa Marekani: siku tatu kwa wiki, miezi mitatu, bila malipo. Nilihudumia vitengo viwili. Kimoja cha uhamiaji, kinachowajazia watu fomu I-485 ya kuomba kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) wakishatimiza mwaka mmoja nchini. Kingine cha kujitegemea kifedha. Vifaa vilikuwa Excel, Power BI kidogo (programu ya kuchora grafu za data), na mfumo mkongwe wa kesi, yaani mafaili ya familia tunazohudumia, unaokutoa nje kila ukiinuka kwenda kunywa maji.

Niliandika fomula ya kuwanasa waliosajiliwa mara mbili: jina la kwanza na tarehe ya kuzaliwa vikifanana, weka rangi nyekundu. Jedwali likaiva kama shamba la nyanya. Akina Furaha, akina Riziki, akina Mohamed, wote wamezaliwa tarehe 1 Januari! Nilikuwa nimeshaanza kufuta. Dada mmoja mhudumu wa kesi, ambaye naye alipitia kambini, ndiye aliyeniwahi. Akanieleza kwamba asiyejua siku aliyozaliwa mara nyingi huandikiwa mwaka tu na Januari mosi, na tarehe hiyo humfuata kwenye kila karatasi mpaka anazeeka. Baadaye mama mmoja Mkongomani nilipomgusia habari hiyo akacheka: "Mwanangu, mimi nilizaliwa wakati wa kuvuna maharagwe. Hiyo Januari ni ya karani." Tangu siku hiyo nilitumia namba ya kesi.

Upande wa fedha ndio uliniumiza kichwa. Kulikuwa na mpango uitwao Matching Grant, ulioanza 1979: serikali kuu ilitoa dola 2 kwa kila dola 1 ambayo shirika limechangisha, na familia ilisaidiwa kupata kazi ndani ya siku 240 ili ijitegemee. Kujitegemea hapo maana yake ilikuwa kuishi bila msaada wa serikali wa pesa taslimu. Shika hilo neno taslimu. Wakati huo familia iliyopokea fudi stempu, msaada wa serikali wa kununulia chakula, bado iliweza kuhesabiwa kuwa imejitegemea, na hakuna aliyedanganya.

Basi nilikutana na kaya ya watu saba, baba peke yake ndiye mwenye kazi, kodi ya nyumba inakula zaidi ya nusu ya mshahara, na deni la tiketi ya ndege iliyowaleta Marekani limeshaanza kudaiwa (halina riba, lakini deni ni deni). Kwenye ripoti, imejitegemea? NDIYO. Nikaongeza safu pembeni inayoonyesha kodi ni sehemu gani ya kipato. Msimamizi aliitazama kimya, kisha akasema isiende kwa wafadhili, ibaki kwa wahudumu wa kesi. Nilinuna, sifichi. Lakini kila Jumatatu niliwaona wahudumu wakiifungua kuamua nani apigiwe simu kwanza kuhusu kazi yenye mshahara mzuri zaidi, na hasira ikapungua. Ikapungua tu, haikuisha.

Kero zipo. Ruhusa ya kuingia kwenye mfumo ilichukua wiki mbili, wiki ambazo nilisoma miongozo na kuhesabu vigae vya dari. Msimamizi alikuwa mtu mwema asiyepatikana. Na wakijua unazungumza Kiswahili, jiandae: mwaka huo wa fedha Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, Kongo ikiongoza, kwa hiyo niliitwa mapokezi kutafsiri karibu kila siku. Haikuwa kazi niliyoandikiwa, ila pale mapokezi ndipo nilipoelewa nusu ya safu za jedwali langu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya nauli niliyojilipia mwenyewe.

Anayetaka kuomba sasa aulize kwanza kama kitengo chenyewe bado kipo, maana Januari 2025 serikali ilisimamisha mapokezi ya wakimbizi. Familia zilizofika kabla ya hapo bado zina fomu za kujaza na madeni ya kulipa. Na kwenye usaili ukiulizwa kama unajua Excel, waulize nao data yao ikoje.