Mashine ya mirija 8 ya kukuzia mwani: nimekaa nayo miezi 6

Kabla ya hii nilikuwa nakuza Chlorella, mwani mdogo wa kijani wa seli moja, kwenye chupa zilizopangwa dirishani. Kila asubuhi nachota tone, naliweka kwenye kioo cha kuhesabia, nainamia hadubini hadi shingo inakakamaa. Niliinunua mashine ili niachane na kazi hiyo.

Ni beseni la maji lenye mirija 8 ya kioo, kila mmoja unabeba mililita 80 hivi na una taa yake ya LED. Maji yanashikilia joto, pampu inapuliza hewa kutokea chini ili seli zisituame, na kila baada ya dakika 10 kihisi kinapitisha mwanga kwenye mrija na kurekodi umezuiwa kiasi gani, ili kukadiria wingi wa mwani. Hapo sina lawama. Ukiweka nyuzi 25, zinabaki 25 usiku na mchana. Tena kabla ya kupima, hewa inakatika yenyewe, mapovu yanapanda yote, ndipo inasoma. Aliyebuni hilo lazima mapovu yaliwahi kumtesa.

Sasa uchungu wenyewe. Jaribio langu la kwanza lilikuwa jepesi: mirija 4 kwenye mwanga wa mikromoli 50 za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde, mingine 4 kwenye 250. Nilitarajia ile ya mwanga mkali iiache mingine mbali. Siku ya nne grafu zikawa zinakwenda bega kwa bega. Nikalaumu taa, nikalaumu virutubisho, nikamwaga kila kitu na kuanza upya. Yaleyale. Ikabidi niitoe hadubini kabatini, na kuhesabu tena kwa macho: mirija ya mwanga mkali ilikuwa na seli karibu mara mbili ya ile mingine!

Kumbe grafu inayojitokeza kwenye skrini ni ya urefu wa wimbi wa nanomita 680, mwanga mwekundu ambao klorofili, ile rangi ya kijani ya mwani, inaufyonza sana. Mwani uliokosa mwanga hujaza klorofili zaidi ndani ya kila seli ili unase kile kidogo kinachoufikia. Nilikuwa napima ukijani nikidhani ni wingi. Kipimo cha nanomita 750, ambazo klorofili karibu haizigusi, kilikuwemo muda wote kwenye faili lilelile, safu ya tatu. Kitabu cha maelekezo kinakitaja kwa mstari mmoja. Wiki 2 zangu ziliishia hapo.

Programu yake nayo usiiamini kwenye kasi ya ukuaji. Inavuta mstari toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na zile siku mwani umeshajibana na kujitia kivuli wenyewe. Iliniambia 0.5 kwa siku. Nilipochukua logi asilia za vipimo vya siku zile tu ambazo mstari umenyooka, nikapata 0.9, yaani seli zinakuwa maradufu kila baada ya saa 18 na nusu hivi.

Halafu maji yanapotea. Mapovu yanayakausha polepole, mwani unakolea, na grafu inapanda bila seli hata moja kugawanyika. Nimechora alama ya kalamu kwenye kila mrija, asubuhi naongeza maji yaliyokenekwa hadi hapo.

Kasoro isiyo na dawa ni joto. Beseni ni moja, kwa hiyo mirija yote 8 inakaa kwenye joto moja. Ukitaka kulinganisha nyuzi 20, 25 na 30 unarudia mara tatu, na mbegu ya mwani ya wiki ya tatu si ile uliyoanza nayo. Kwa mwanga, chumvi au virutubisho ichukue. Kwa joto, tafuta nyingine.

Nyota 3 na nusu. Ningeongeza nusu kama grafu ya 750 ingekuwa ndiyo ya mbele.