Kuunga plaiwudi ya boti: mshazari au kibandiko?

Kwa ubao wa pembeni unaopindwa sana, chagua mshazari, yaani ncha mbili zilizochongwa mteremko na kulaliana. Ncha zote mbili huchongwa kwa randa kwa uwiano wa 8 kwa 1: plaiwudi ya milimita 6 hupata mteremko wa milimita 48. Tazama mistari ya matabaka unapochonga. Ikienda mawimbi, mteremko hauko sawa. Paka epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) nyepesi kwanza, hasa kwenye nyuzi zilizokatwa, maana hunywa gundi kama sifongo. Kisha paka epoksi iliyokolezwa kwa unga wa kuifanya nzito, laza mteremko juu ya mteremko, weka plastiki juu na chini, bana kiasi. Ukikaza mno gundi yote hutoka, na kiungo kitaachia siku ya kupinda. Tena mbao huteleza, kwa hiyo zipigilie misumari midogo kabla ya kubana.

Kibandiko ni rahisi: ncha zikutane, nyuma gundisha kipande cha unene uleule, upana kama milimita 150. Hakipotezi urefu wa ubao. Lakini hapo ubao haupindi, unabaki bapa, na kingo za kibandiko hutuamisha maji zisipochongwa mteremko. Kwa sakafu ya boti bapa, kinatosha kabisa.