Uzoefu wangu: matembezi ya nusu siku Fort Jesus na Mji wa Kale, Mombasa

Huduma ninayoipima ni ile ya kukodi mwongoza watalii Mombasa awatembeze wageni wako ndani ya Fort Jesus, kisha awapitishe vichochoro vya Mji wa Kale. Kwa kikundi cha marafiki wanne au watano waliokuja wikendi, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekwenda na ratiba. Waongozaji wengi hupenda kuanza saa nne au saa tano, jua likiwa limeshapanda na kuta za matumbawe zikirudisha joto usoni, halafu kila kitu kinafululizwa mpaka adhuhuri. Wageni wa bara huchoka kabla hawajaona chochote cha maana. Ratiba waweza kuivunja mwenyewe, na hapo huduma inakuwa nzuri kweli.

Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi. Fika saa hiyo hiyo, mkiwa mmeshakula. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha alfajiri na asubuhi; ukisema mtakula mkitoka ngomeni, mtakuta sufuria zimeoshwa. Tiketi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo simu iwe na chaji na bando. Kila mtu awe na kitambulisho mkononi, kwa sababu kiwango cha raia na cha mgeni wa nje vimeachana sana, na asiye na karatasi hana la kubishania dirishani.

Kabla ya kupiga hatua na mwongozaji, kubalianeni mambo matatu kwa maneno yaliyo wazi: bei ni ya kikundi kizima au ya kila kichwa, ni saa ngapi, na je, Mji wa Kale umo au safari inaishia langoni? Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mtu husikia "elfu kadhaa" akadhani ni ya wote, mwisho anaambiwa azidishe mara tano. Omba kuona beji yake. Mwambie pia mapema kwamba hamnunui vinyago, la sivyo nusu saa yenu itaishia kwenye duka ambalo yeye ana chake ndani.

Ndani ya ngome, anzeni na kuta za juu wakati bado kuna upepo, makumbusho yafuate jua likikaza. Mwongozaji mzuri hujulikana hapo juu. Wa kukariri atakutajia mwaka 1593 na jina la msanifu wake, Giovanni Battista Cairati, kisha anasonga. Anayeijua kazi atamsimamisha mgeni kwenye pembe moja ya ngome amwonyeshe kwamba kutoka pale anaona uso mzima wa ukuta wa pembe ya pili, mpaka chini kabisa. Zile pembe zilizochomoza zilikuwa zinalindana: adui aliyefika chini ya ukuta hakuwa na mahali pa kujibanza. Mgeni akishaliona hilo kwa macho yake, anaanza kuuliza mwenyewe ngome kama hii ilitekwaje.

Jibu liko kwenye makumbusho, na ndiyo sehemu ambayo wengi huipita mbiombio. Waomani waliizingira ikiwa mikononi mwa Wareno, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na njaa na maradhi vikaua wengi ndani kuliko mizinga. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyotumwa kuokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi miaka ya 1970 vimewekwa humo. Msaada mwingine ulipofika baharini, bendera ya Oman ilishapandishwa, wakageuza. Dai mpewe angalau dakika ishirini hapo. Msikose Nyumba ya Waomani, kwa ajili ya kivuli na kwa kule kuitazama bahari kutokea juu. Mwulize pia kuhusu gereza: kuanzia 1895 mpaka 1958 ngome hii ilikuwa jela, na waongozaji wengi huruka kutoka kwa Wareno hadi ilipoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011 kana kwamba katikati hapakutokea kitu. Saa mbili kwa jumla zinatosha.

Mkitoka, nendeni Biashara Street kwa leso, na iwe Jumamosi, maana Jumapili maduka mengi yamefungwa. Kunjua leso nzima kabla ya kulipa. Tazama jina, yaani ule usemi wa leso, limechapwa sawasawa kwenye vipande vyote viwili, pindo la kando halijapinda, na mji, yaani lile eneo la ndani ya pindo, uko katikati. Kipande kilichochapwa upande kikikatwa hakirekebishiki. Fundi wa hapo nje atakupindia, lakini pindo litabaki limekwenda mrama. Zile pembe kubwa za ndovu zilizojengwa juu ya barabara ya Moi Avenue mzipige picha mkipita, dakika tano ni nyingi.

Halafu pumzikeni. Adhuhuri si wakati wa kumtembeza mtu Mombasa, hasa miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Nusu ya pili ya matembezi iahirishwe hadi saa kumi, baada ya swala ya alasiri. Mwongozaji akikataa kugawa siku, tafuta mwingine. Saa hizo Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale, imeamka: watu wako barazani, milango ya kuchonga inaonekana vizuri jua likiwa la ubavuni, na viazi karai vinaanza kutoka mafutani. Vile ndo vya kula vikiwa moto, ganda la unga likiwa bado linavunjika, na ukwaju juu. Mtapita Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, kisha mteremke upande wa jengo la kale la Leven House na bandari ya kale. Mabega na magoti yafunikwe. Msikitini haingii mtu bila kualikwa, na kamera isielekezwe kwa kina mama wala bandarini bila kuomba ruhusa. Tuktuk zitawaacha barabara kubwa, kwa hiyo mwenye miguu mibovu aelezwe mapema kwamba vichochoro ni vya kutembea.

Kahawa tungu mmalizie kwa muuzaji mwenye dele la shaba, na kashata pembeni. Mwongozaji mlipe hapo, mkiwa mmekaa. Njiani ni pa kusahau chenji.

Kwa wanaorudi Nairobi Jumapili na treni ya saa tisa alasiri: kituo kiko Miritini, si mjini, na barabara ya kutoka kisiwani hujaa bila kutoa taarifa. Ondokeni saa sita. Mizigo hupangwa mstari ikanuswa na mbwa kabla hamjaingia, na jina la kwenye tiketi hulinganishwa na kitambulisho, kwa hiyo aliyewakatia wenzake tiketi ahakikishe hakumwandika rafiki kwa jina la utani.