Kuchanganya Chapa za Spika Sebuleni: Mipangilio Minne, Kuanzia Ulio Bora

Mnunuzi wa homu thieta mjini Arusha au Moshi mara nyingi huanza na alicho nacho: jozi ya spika alizoachiwa na kaka yake, sabufa ya zamani, na nia ya kukamilisha spika tano bila kununua kila kitu upya. Si wazo baya. Chapa zinachanganyika, ila nafasi ambayo spika inakaa ndiyo inayoamua kama mchanganyiko huo utakera masikio au la.

Mpangilio ninaouweka juu ya yote ni spika tatu za mbele, yaani ya kushoto, ya kati na ya kulia, za chapa moja na toleo moja, kisha sabufa na spika za nyuma za chapa yoyote. Mazungumzo mengi ya filamu hupitia spika ya kati, na gari linapokatiza kwenye skrini, sauti yake huhama kutoka spika moja hadi nyingine kati ya hizo tatu. Kama ya kati ni Yamaha na za pembeni ni JBL, injini ileile huenda ikanguruma hivi kushoto na vingine katikati, kwa kuwa kila mtengenezaji ana koni (sehemu ya spika inayotikisika), twita (kispika cha sauti nyembamba) na kasha lake. Sabufa haina tatizo hilo. Kwa kawaida huachiwa sauti zilizo chini ya hezi 80 hivi, na kwa besi ya kiwango hicho sikio halitambui vizuri hata upande inakotoka, sembuse chapa.

Wa pili, na hapa najua mafundi wengi watanipinga, ni spika mbili nzuri za mbele zinazofanana, bila ya kati kabisa. Risiva, yaani amplifaya inayoendesha spika zote, ikielezwa kwamba spika ya kati haipo, hugawa mazungumzo sawasawa pande zote mbili, na aliyekaa katikati ya kochi husikia maneno kana kwamba yanatoka kwenye televisheni. Wa pembeni hafaidi sana, lakini afadhali hivyo kuliko spika ya kati isiyolingana na wenzake.

Wa tatu ni seti kamili ya kwenye boksi, kama za LG, Sony au Samsung. Spika zake zimelinganishwa tangu kiwandani na kuifunga ni kazi rahisi. Kasoro yake ni kwamba spika za seti nyingi za aina hii zina plagi za kipekee na ukinzani mdogo wa umeme, unaopimwa kwa omu, pengine omu 3 au 4, kwa hiyo ukizihamishia kwenye risiva iliyoandikwa omu 6 hadi 8, risiva inaweza kupata joto kupita kiasi na hata kuungua.

Wa mwisho, ambao singeushauri, ni spika tano za chapa tano zilizookotezwa kwenye mitumba. Tofauti ya desibeli 3 tu katika wepesi wa kutoa sauti humaanisha spika moja inahitaji wati mara mbili ya nyingine ili zilingane. Risiva za Denon zenye mfumo wa Audyssey, au za Yamaha zenye mfumo wa YPAO, hupima kwa maikrofoni na kusawazisha viwango, lakini haziwezi kuzifanya ziwe na sauti moja.

Anayenunua mtumba hata hivyo aende na betri ya redio ya volti 1.5. Gusisha nyaya za spika kwenye betri mara moja, upesi: koni inapaswa kuruka kidogo na kutoa mlio mfupi. Kisha isukume taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ikikwaruza, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeharibika. Kagua pia ukingo wa sponji unaoizunguka koni, kwani huoza na kumeguka hata kama kasha linang'aa. Kwa sabufa yenye amplifaya ndani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka, maana iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani haiwezi kuhimili volti 230 za kwetu bila transfoma.